Kadi ya Mita Elfu Moja na Mia Nane

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilipewa chekeche, ndoo mbili na mfuko wa kitambaa uliojaa matope, nikaonyeshwa bomba lililo nyuma ya godauni, nikaambiwa nioshe. Godauni lenyewe lilikuwa Changamwe, upande wa pili wa ukuta wa matangi ya mafuta, mahali ambapo malori yalipita mchana kutwa na vumbi lake kutua juu ya kila tulichokwisha kukipangusa. Nilikuwa nimetoka kwetu Jomvu Kuu alfajiri, nikakata kwa miguu kupitia Mikindani, nimevaa viatu vipya vyeupe. Kufika saa nne havikuwa vyeupe tena.

Jana yake mama aliniuliza nakwenda kazi gani. Nikamwambia nakwenda kusoma mawe.

“Mawe?” akasema. “Kwani mawe nayo yana herufi?”

Hata mimi sikujua. Nilikuwa na cheti cha shule chenye alama nzuri za kemia na jiografia, na tangazo nililolikata gazetini. Hayo mengine nilijifunza bombani.

Nieleze kidogo, maana vijana wa leo wakisikia utafutaji wa mafuta hudhani ni watu kutoboa ardhi na kungoja yaruke juu. Kisima cha mafuta huchimbwa kwa keekee kubwa yenye meno, iliyofungwa kwenye ncha ya mabomba yaliyoungwa moja baada ya jingine. Keekee inaposaga mwamba huko chini, tope jepesi lililokorogwa maalumu husukumwa kupitia ndani ya bomba, likatokea kwenye ncha na kupanda tena kwa nje likibeba chenga za mwamba uliosagwa. Juu anasimama mtu na chekeche. Kila baada ya mita kadhaa huchota konzi ya chenga, akaitia mfukoni na kufunga kadi. Kwenye kadi huandikwa jina la kisima, kina ambako chenga zimetoka, na baadaye jina la aliyezisoma.

Kusoma ndiko kazi yetu. Chenga huoshwa, hukaushwa, kisha hutazamwa kwenye hadubini ili kujua ni mwamba gani: mchanga, chokaa au udongo. Baada ya hapo hutiwa ndani ya kisanduku cheusi chenye taa ya aina yake. Ukijifunika kitambaa kichwani na kuchungulia, mawe yote huonekana meusi. Lakini chenga iliyowahi kupitiwa na mafuta ya petroli, hata kidogo mno, hung'aa. Mng'ao huo tuliuita dalili. Dalili si mafuta yenyewe. Aliyesikia harufu ya biriani kwa jirani hajala biriani, ila anajua ni nyumba gani ya kubishia hodi.

Bwana mkubwa wetu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Godauni, Mtaita mfupi aliyewahi kuwa mwalimu, na ualimu haukumtoka. Alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji. Ijumaa yangu ya kwanza nilikuja nguo zimefukizwa udi, kama ilivyo kawaida ya nyumba yetu. Alinusa, akaniangalia, akanyoosha kidole mlangoni.

“Binti, toka nje ukapigwe na upepo.”

“Kwani kuna nini, mwalimu?”

“Moshi wa udi una mafuta yake. Utanitia dalili za bure kwenye mawe ya watu.”

Nikasimama uani mpaka adhuhuri, madereva wa malori wakinicheka. Aliporidhika aliniita, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye kichwa kilichoandikwa kwa wino mwekundu: Waongo Wetu. Chini yake yaliorodheshwa mambo yote yanayong'aa chini ya taa na kumdanganya msomaji. Dizeli ilikuwamo, na grisi ya kuungia mabomba, rangi ya mbao, sabuni ya unga, na sasa akaongeza udi kwa mkono wake. Alinifanya niisome kwa sauti.

Kisha akanifundisha kuhusu kadi, na hili ndilo ninalotaka msomaji alishike, kwa kuwa yote yatakayofuata yanatoka hapo. Kadi ya sampuli haichanwi wala haibadilishwi. Ukikosea, hufuti. Unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili anayekuja baadaye aweze kusoma ulichoandika kwanza na ulichosahihisha, kisha unatia sahihi.

“Jiwe halijui kusema,” alisema. “Wewe ndiye unayelisemea. Na ukilisemea uongo, halitakukanusha. Litanyamaza tu, na watu watakuamini wewe.”

Wakati ule niliona ni maneno ya mwalimu anayependa kujisikia. Nilikuwa na miaka ishirini na nikijua kila kitu.

Niliosha chenga miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuchungulia kisandukuni, na mwaka mmoja zaidi kabla ya jina langu kuandikwa kwenye kadi. Sitaki kujisifu, lakini nilikuwa na jicho. Mkuu wa Godauni, ambaye kusifu kwake kulikuwa kama mvua ya Januari, aliwahi kuniambia kwamba sijambo. Kwa neno hilo moja niliteuliwa kwenda kambini kaskazini, kwenye mtambo wa kuchimba, nikiwa mwanamke wa kwanza kutoka godauni letu kupelekwa huko. Wapo waliosema sitamaliza mwezi. Mmoja alisema mbele yangu, na nilimjibu kwamba mwezi wa huko na wa hapa ni mmoja.

Mama hakupinga. Alinifungia halua, akanisomea dua, na mwisho akanitia mkononi kopo la mafuta ya mgando, yale mazito ya kujipaka.

“Nchi kavu hiyo,” akasema. “Wewe ngozi yako yajua hewa ya maji. Jipake asubuhi na jioni, wasije wakasema mwana wa watu hana mwenyewe.”

“Inshallah, mama. Ntajipaka.”

Nikajipaka kweli. Siku ya tatu kule, midomo ilikuwa imepasuka na vidole vinatoka damu kwenye viungo. Upepo ulikuwa mkavu kiasi kwamba kanga iliyofuliwa ilikauka kabla sijamaliza kuianika. Maji yaliletwa kwa lori na kugawiwa kwa kipimo: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea sampuli. Ya kuoga yalikuwa bakuli moja. Tulipewa glovu, lakini zilikuwa za mikono ya wanaume wanaonyanyua mabomba, na mimi kwa glovu zile nisingeweza kushika punje ya mchanga. Nikafanya kazi mikono mitupu.

Kambini nilikuwa chini ya Mjiolojia Mkuu, mtu wa Kisumu, mrefu, mpole wa maneno, aliyekunywa chai bila sukari na kusema kwamba sukari inamsumbua mtu kufikiri. Kazi yake ilikuwa kupokea tulichosoma, kukiandika kwenye karatasi ndefu inayoonyesha kisima kizima toka juu mpaka chini, na kila asubuhi na alasiri kuisomea ofisi ya Nairobi kwa redio. Neno lake likishafika Nairobi, lilivuka bahari mpaka kwa wageni wenye kampuni. Kisima chetu kilikuwa cha tatu katika eneo hilo. Viwili vya mwanzo vilitoka patupu, na sote tulijua kwamba wenye kampuni wamechoka. Hiki cha tatu kisipoonyesha kitu, mtambo ungefunguliwa na kupakiwa, na kambi ya watu zaidi ya mia ingevunjwa.

Keekee ilipopita mita elfu moja na mia saba tuliingia kwenye tabaka la mchanga, mwamba wa aina ambayo mafuta hupenda kukaa. Kuanzia hapo nilisoma kila mfuko kwa makini. Siku ya pili ya mchanga huo, kabla ya adhuhuri, nilijifunika kitambaa, nikawasha taa, na punje ziling'aa. Si moja. Nyingi, mng'ao mweupe wenye ubuluu kidogo. Nikatazama mfuko uliofuata, nao vilevile, na wa tatu. Nilipitia Waongo Wetu moja baada ya jingine kichwani. Dizeli ina rangi yake, sio hii. Grisi ya mabomba nayo niliijua. Nikaandika kwenye kadi tatu: dalili. Nikatia jina langu.

Mjiolojia Mkuu alichungulia mwenyewe muda mrefu. Alipojifunua alikuwa anatabasamu, na hapo ndipo nilipojua kwamba ana mwanya. Akaenda redioni. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imeenea kambi nzima. Mpishi alichinja mbuzi ambaye alikuwa amehifadhiwa kwa ajili ya sikukuu. Mkuu wa Mtambo, mtu ambaye hakuwahi kunijibu salamu, alinipa mkono.

Mkono ule ndio ulioniamsha. Alipouachia aliutazama, akaupangusa kwenye suruali. “Una mafuta mikononi, madam,” akasema, na akaenda zake.

Nilirudi kwenye kibanda cha sampuli nikatia mkono wangu ndani ya kisanduku, nikajifunika kitambaa, nikawasha taa. Dole gumba langu liling'aa. Kila mkunjo wa ngozi, kila mpasuko, mweupe wenye ubuluu, rangi ileile. Mafuta ya mgando nayo ni mtoto wa petroli, yanatoka kwenye tangi moja na dizeli, na mimi msichana wa kemia sikuwahi kulifikiria hilo kwa sababu nililiona kopo lile kama kitu cha mama. Nilisimama pale chini ya kitambaa nikisikia watu nje wanamsifu mbuzi.

Niseme wazi nilichohisi: aibu. Si hofu ya kufukuzwa, ingawa hiyo nayo ilikuja. Aibu ya kujua kwamba wale waliosema sitamaliza mwezi wangekuwa na hadithi ya maisha.

Nilikwenda kwa Mjiolojia Mkuu. Alikuwa anakula. Nilimwambia kwa maneno machache, maana mengi yasingesaidia. La kuvunda halina ubani. Aliweka mnofu chini, akanawa, akaja kuangalia dole langu kisandukuni. Hakupiga kelele. Ningependelea angepiga.

“Umemwambia mtu mwingine?”

“La, bwana. Wewe wa kwanza.”

“Basi twende redioni pamoja. Usimame hapo nikisema.”

Nilisimama. Alisema kwamba dalili za asubuhi zimebatilishwa, kwamba sampuli zilichafuliwa zikishikwa. Hakutaja jina langu. Sauti ya upande wa pili ikamtaka arudie, akarudia. Jioni tulipiga mstari mmoja juu ya neno “dalili” kwenye kadi tatu, tukaandika “uchafu wa mkono,” tukatia sahihi wote wawili. Nyama ya mbuzi ililiwa bila maneno.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi. Niliwasimulia wanagenzi, niliwasimulia wasichana wa shule waliotembelea godauni, na kila mara walinisifu kwamba nilikuwa mkweli. Nilizipokea sifa hizo kwa miaka mingi. Nilikuwa nakomea hapo kwenye nyama. Leo nitaendelea.

Siku iliyofuata nilianza upya. Nilisugua mikono kwa majivu ya jikoni, kama mama anavyosugua sufuria, kisha nikaisuuza kwa dawa tuliyotumia kuyeyushia mafuta ya kwenye mawe, hadi ngozi ikawa nyeupe na kuwasha. Niliingiza mikono kisandukuni na kuwasha taa. Giza tupu. Ndipo nikaosha tena ile mifuko mitatu, na mingine iliyokuja baada yake, nikasoma moja moja. Mng'ao ulikuwa umetoweka, kama nilivyotarajia. Mpaka nilipofika mfuko wa mita elfu moja na mia nane.

Kuna jambo tulilofanya tukitaka uhakika, na tuliliita kulikamua jiwe. Unachukua punje chache, unazivunja ndani ya kisahani cheupe ili upate sehemu ya ndani ambayo hakuna mkono uliowahi kuigusa, unadondosha tone la dawa ya kuyeyushia, na kutazama chini ya taa. Kama ndani mna mafuta, dawa huyavuta nje. Nilivunja punje tano za mfuko ule. Nne zilikaa kimya. Ya tano ilitoa uzi wa njano, mwembamba, ukasambaa polepole kisahanini kama maziwa yanapoingia kwenye chai, kisha ukafifia. Rangi ilikuwa njano. Haikuwa nyeupe yenye ubuluu.

Nilivunja nyingine kumi. Hazikutoa kitu. Zilizobaki zilikuwa chache na sheria ilikuwa lazima sehemu irudi mfukoni.

Mjiolojia Mkuu alinisikiliza amesimama mlangoni, hakuingia.

“Umeona peke yako?”

“Peke yangu. Uzi ulikaa muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi.”

“Na mikono?”

“Nimeinawa. Niliitazama kwanza chini ya taa.”

Alivuta pumzi. “Rukia, jana nimekwenda redioni mara mbili. Mara ya kwanza nikasema ndiyo, mara ya pili nikasema hapana. Leo nikienda kusema ndiyo tena kwa punje moja ambayo sikuiona, hawatakuja kupima kisima. Watakuja kunipima mimi. Ukitaka kuandika, andika. Jina kwenye kadi ni lako. Lakini mimi siwezi kutia sahihi nisichokiona.”

Akaondoka. Nikabaki na kadi na kalamu.

Sikuandika. Kwenye kadi ya mita elfu moja na mia nane niliandika neno moja, “hakuna,” nikatia sahihi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa jana yake tu. Nilijiambia punje moja si kitu. Nilijiambia huenda macho yalichoka. Lakini nilijua nilichokiona, na nilijua kwamba nimeandika kinyume chake.

Siku tisa baadaye kisima kilizibwa kwa saruji, mtambo ukafunguliwa, na malori yakatubeba kurudi.

Kwa haki, niseme kwamba uzi ule wa njano huenda usingebadilisha lolote. Visima vingi duniani vina punje moja mbili zinazong'aa na havina mafuta ya kujaza hata chupa. Lakini kadi haikuandikwa kwa ajili ya kisima kimoja. Niligundua hilo nilipohamishiwa Nairobi, ghorofa ya nne, kwenye chumba cha ramani. Huko nilikaa miaka kumi na sita. Kazi ilikuwa kukusanya nakala za kadi na karatasi za visima vyote vya nchi na kuzifanyia ramani zinazoonyesha wapi pana matumaini na wapi hapana. Eneo lenye dalili tulilipaka rangi ya chungwa, na eneo tupu kijivu. Kila kampuni mpya ilipokuja, ramani ya kwanza kuwekwa mezani ilikuwa hiyo. Na kila mara lilipofika eneo la kisima chetu, mchoraji alisoma kadi, akasema “hakuna, hakuna, hakuna,” akachukua penseli ya kijivu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ya pili. Wageni walikuja, wakatazama kijivu, wakageuza ukurasa. Mara nne nilishuhudia hivyo. Sikusema neno.

Mjiolojia Mkuu alistaafu kabla yangu. Tulimwandalia chai na keki ofisini, na yeye akanywa chai yake bila sukari. Watu walipopungua alikuja kuketi karibu nami. Nilikuwa nimembebea kinyongo kwa miaka ile yote, kidogo kidogo, na siku hiyo kilinitoka.

“Laiti ungeingia ukachungulia,” nikamwambia. “Siku ile ya mita elfu moja na mia nane.”

Hakujifanya amesahau. “Uzi ulikuwa umeshafifia. Ningechungulia nini?” Kisha akasema, bila ukali, “Mimi nilikataa kutia sahihi, Rukia. Sikukukataza kuandika.”

Alikunja kitambaa cha keki vizuri akakiweka juu ya meza. Hatukuonana tena, alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu.

Maneno hayo yalinikera kwa sababu yalikuwa kweli. Mwaka huohuo niliomba kuhamishwa kurudi Changamwe kuwa Mkuu wa Godauni. Wenzangu walishangaa, maana ilikuwa kama kushuka ngazi. Nikawaambia nimechoka na baridi ya Nairobi, na hilo nalo lilikuwa kweli. Godauni lilikuwa lilelile, na malori yameongezeka. Karatasi ya Waongo Wetu bado ilikuwa ukutani, imeliwa na mende pembeni. Nikaongeza mstari: mafuta ya mgando. Mifuko ya kisima chetu ilikuwa rafu ya sita, upande wa dirisha. Niliipita kila siku kwa miaka saba.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilimwita mjiolojia aliyekuwa anachukua nafasi yangu, Nafula, binti wa Bungoma, mwenye vidole vyepesi na maswali mengi. Nilimwambia alete ngazi. Tukaushusha mfuko wa mita elfu moja na mia nane, nikamweleza yote, pamoja na yale niliyokuwa nakatisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunisifu, na nilimshukuru kwa hilo moyoni.

Tulinawa wote wawili. Tukatazama mikono chini ya taa. Tukavunja punje, tukadondosha dawa, tukachungulia kwa zamu. Giza. Tukavunja nyingine, giza. Mafuta mepesi hayadumu. Kwa miaka yote hiyo ndani ya mfuko wa kitambaa, penye joto la mabati ya Changamwe, yanaweza kuondoka yote yasiache alama. Au hayakuwapo kamwe. Jiwe halikuwa na la kusema tena upande wowote.

Nikachukua kalamu. Nafula akaniangalia.

“Mama, si tumeona hakuna kitu?”

“Ndiyo. Hilo nalo tutaliandika.”

“Lakini ukiandika ile ya zamani, watauliza kwa nini hukuandika siku hiyo.”

“Wataniuliza mimi. Jina ni langu.”

Nilipiga mstari mmoja juu ya “hakuna” ili lisomeke. Chini yake nikaandika kwamba siku kadi ilipoandikwa punje moja kati ya kumi na tano ilitoa uzi wa njano ilipokamuliwa, kwamba niliona peke yangu, kwamba sikuandika kwa kuogopa. Nikaandika kwamba leo imekamuliwa tena na watu wawili na hapakuonekana kitu. Kadi ilikuwa ndogo, ikabidi nigeuze upande wa nyuma. Nikatia sahihi. Nafula akatia sahihi kwenye nusu yake, ile ya leo, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiona. Nilifurahi kwamba sikuhitaji kumwambia.

Sasa nipo Jomvu Kuu, kwenye nyumba aliyoniachia mama. Nina kuku, nina magoti yanayonidai kila nikiinama, na bado najipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Kazi ya siku hizi imebadilika. Mashine zinasoma mng'ao zenyewe na kuchora mistari kwenye kompyuta, na nasikia hazichoki macho. Sina ugomvi nazo. Ninachojua ni kwamba nazo huandika kile zilichoambiwa na mtu, na mtu ana mikono.

Mwezi uliopita simu ililia nikiwa natandaza nazi juani. Ilikuwa sauti ya kijana wa kiume, mwenye adabu, Kiswahili cha Nairobi.

“Shikamoo mama. Naongea na Bi Rukia, aliyekuwa godauni la sampuli Changamwe?”

“Marahaba. Ndiye mimi.”

Alisema yeye ni mjiolojia wa kampuni mpya inayoangalia maeneo ya kaskazini. Walikuwa wanapitia kadi za zamani kabla ya kuchora ramani yao. Nyingine zote za eneo lile walizisoma haraka, akasema, lakini moja imewasimamisha siku mbili. Hawajui wapake kijivu au chungwa. Mkubwa wake amemwambia asipake chochote kabla hajamtafuta mwenye sahihi.

“Samahani mama, ni kitambo,” akasema. “Lakini ile njano. Una uhakika haikuwa kama zile za siku iliyotangulia? Haikuwa uchafu wa mkono?”

Nilikaa juu ya kigoda. Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu nikiwa msichana, na nilidhani likija litanitetemesha. Halikunitetemesha.

“Haikuwa, mwanangu,” nikamjibu. “Andika. Mikono nilikuwa nimenawa.”